Watoto Wetu Walivyotupumzisha

Siku watoto wetu walipotupumzisha mimi na dada yangu, walichinja mbuzi, wakakodi hema na viti, wakaita na mtu wa kushika maikrofoni. Ilikuwa nyumbani kwangu Kiganjo, hapa Thika, kwenye ploti ambayo kijana wangu amenijengea nyumba ya mawe. Sherehe za aina hii zimejaa kwetu siku hizi. Watoto wakishapata kazi na gari, wanaita jamaa na watu wa kanisa waje waone vile wanamshukuru mama. Mama anapewa sofa, tangi la maji, meko ya gesi na blanketi nzito. Anavalishwa kitenge kipya, anaketishwa mbele kama bibi harusi, na ole wake asipolia.

Sisi tulilia. Mimi nililia kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana, lakini nililia.

Kijana wangu ndiye aliyefunga sherehe. Alikuwa amechakura stoo akapata mikwa yetu ya zamani. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo: unapita juu ya kichwa, hapa mbele, na mzigo unakaa mgongoni. Alituvalisha kichwani sote wawili, watu wakacheka, kisha akatuvua mmoja mmoja na kuiinua ile mikanda juu. "Hawa wamama wamebeba vya kutosha," akasema. "Kuanzia leo hakuna mzigo utakaa kwa hii migongo tena." Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Binti ya dada yangu, yule wa kazi ya ofisi anayeishi Ruiru, akachukua maikrofoni akaongeza kwamba mama yake hatabeba hata kikombe.

Hata kikombe. Alisema hivyo, na dada yangu akainua kidevu mbele za watu.

Tulizaliwa Ngoliba, kule chini kwenye jua na vumbi, na hatukumbuki siku tulipoanza kubeba maji. Dada yangu ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga mtungi usinipige kiunoni nikitembea. Nilipoolewa nikabeba kuni. Mume wangu alipofariki nikabeba waru, yaani viazi, gunia zima, kutoka kwenye lori hadi kibandani kwangu sokoni Thika. Dada yangu alibeba mawe ya ujenzi kwenye machimbo, kisha akahamia ndizi. Kuna kibonde juu ya paji langu la uso, ukipitisha kidole unakisikia. Dada yangu ana chake. Wasichana wa siku hizi wakikiona wanasema ni alama ya umaskini, na wanasema kweli, ulikuwa umaskini. Mtu asije akaniambia kubeba gunia kulikuwa raha. Shingo yangu inajua.

Basi nikapumzika. Ai! Kumbe kupumzika ni kazi. Niliandikiwa msichana wa nyumbani, na nikigusa sufuria ananinyang'anya. "Wacha, shosho, nitabeba." Maji yanatoka kwenye bomba. Waru zinaletwa na boda boda hadi mlangoni. Mimi niko kwenye sofa la maua, natazama runinga, chai mkononi, mandazi kando, kwa sababu mtu aliyepumzishwa lazima pia alishwe.

Wakati huo hedhi yangu ilikuwa imekoma miaka michache nyuma. Joto lilikuwa likinipanda ghafla kanisani mpaka natoka nje kujipepea na kitabu cha nyimbo. Usingizi ulinihama. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza habari hizo. Maitu, mama yangu, alizipitia akanyamaza, na mimi nikazipitia nikanyamaza, maana kwetu mwanamke akifika hapo anahesabiwa kuwa amemaliza. Mikono yangu ikalegea, tumbo likaja mbele. Watu wakanisifu. "Umenona! Huyo kijana anakutunza." Nikajibu asante, tena kwa furaha, mjinga mimi.

Halafu ikaja kiu, na kwenda msalani bila kukoma, na macho kuona ukungu. Kliniki wakanipima wakasema ni sukari. Nilimpigia dada yangu simu, akaniambia na yeye ameambiwa hivyo hivyo huko Ruiru, alikuwa hajapata nafasi ya kuniambia. Tulicheka. Hata ugonjwa tunagawana, tukasema. Tulicheka kwa sababu hatukujua tunacheka nini.

Pale kliniki, daktari aliponiandikia tembe, alinituma kwa fisio. Nilidhani ni mtu wa kukanda mgongo, kumbe ni wa mazoezi ya mwili. Nikamkuta msichana mdogo kuliko kijana wangu, mwenye sauti ya kuamrisha. Akaniambia niinuke kwenye kiti mikono ikiwa kifuani. Nikajaribu. Makalio yakainuka kidogo, yakarudi chini. Mimi! Mimi niliyekuwa nikitoka kwenye lori na gunia mgongoni nikimtukana dereva bila kukata pumzi!

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kubeba waru."

"Uliacha kwa nini?"

"Watoto walinipumzisha."

Alinitazama. "Hao watoto wanakupenda sana," akasema, na hakuwa anawasifu.

Alinieleza kwa maneno ambayo hata mtu wa sofa anaelewa. Chakula kinageuka sukari kwenye damu, na misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya hiyo sukari na kuitumia. Misuli ikipungua, sukari inakosa pa kwenda, inabaki kwenye damu ikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Mwanamke akishakoma hedhi, misuli inampungukia kwa haraka zaidi, hata kabla hajanunuliwa sofa. Kutembea ni vizuri, akasema, lakini misuli inataka pia kitu kizito cha kushindana nacho. Si kwa mukwa, shingo iliteseka vya kutosha. Kwa mikono, mgongo ukiwa wima, polepole, napumzika, narudia, siku kadhaa kwa wiki. Na tembe nisiache, asije akasikia nimeacha. "Na usiniambie hauna vifaa," akamaliza. "Mitungi ya maji si mnayo?"

Nilitoka pale nimejaa hasira na sikujua nimkasirikie nani. Miaka yote ile nikibeba, hakuna aliyeniambia kuna kitu chochote chema ndani yake. Nilipoacha ndio wakaniambia.

Nilianza na vile vitungi vidogo vya mafuta ya kupikia, nikavijaza maji. Nikazoea, nikachukua vikubwa zaidi. Nilifanyia nje, nyuma ya nyumba, penye hewa. Inua, shusha. Keti kwenye kigoda, simama, mitungi mikononi. Msichana wa nyumbani akawa anasimama mlangoni akishika mdomo. Sikumjali yeye. Shida ilikuwa jirani, mama mmoja ambaye macho yake yanaishi upande wangu wa ua. Alimpigia kijana wangu simu: mama yako amerudia kubeba maji, kwani mmekatiwa?

Jumapili kijana akaja mbio kutoka Githurai 45 anakoishi. Hata chai hakugusa.

"Maitu, ni nini umekosa hapa?"

"Misuli."

"Sio mchezo. Watu wanasema nimekutupa. Nimeweka tangi, nimeweka bomba, na wewe unaonekana huko nje na mitungi kama mtu hana watoto."

"Hao watu waende wapimwe sukari yao."

Nilimweleza yote aliyosema fisio. Alisikiliza, si mtoto mbaya. Kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akiniona nikivua mukwa jioni na ile alama nyekundu kichwani, na aliapa akipata pesa hataiona tena. Sasa utamjibu nini mtoto wa hivyo? Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Tukaelewana hivi: nitaendelea kuinua, lakini ndani ya nyumba, pazia zikiwa zimefungwa.

Wiki iliyofuata akaniletea dambeli mbili za mazoezi, za rangi ya waridi, nyepesi kama mwiko wa ugali. Nazitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Nikawa naendelea hivyo, gizani mchana kweupe. Sukari haikukimbia siku moja, isije ikaonekana nahubiri miujiza. Ilishuka kidogo kidogo, ikapanda Krismasi, ikashuka tena. Lakini daktari hakuniongezea dawa, na siku moja niliinuka kwenye sofa mikono ikiwa kifuani, nikajipigia makofi peke yangu.

Shida ilikuwa kwa dada yangu. Tembe alikuwa anameza, na sukari yake ilikataa kushuka. Nyayo zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Alinieleza kwenye simu, kama mtu anayesimulia habari ya mtu mwingine, kwamba daktari amemtisha: sukari isiposhuka ni sindano, na hiyo miguu aichunge sana, maana watu wanaanza na kidonda kidogo tu wanamalizia kukatwa mguu. "Ati nikatwe," akasema. "Huyo daktari ana mchezo." Nilivaa viatu siku hiyo hiyo nikaenda Ruiru.

Binti yake alikuwa amemweka katika flati yake, orofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Mahali pasafi, vigae vinang'aa, choo ndani. Chochote alichotaka dada yangu kililetwa na msichana wa kazi. Ngazi hakuwa anashuka ila siku ya kanisa na siku ya kliniki, akishikwa huku na huku. Nilimkuta kwenye kochi, miguu juu ya stuli, leso mapajani. Mwanamke aliyebeba mawe! Mabega yalikuwa yamemshuka mpaka nikataka kulia.

"Mwari wa maitu," nikamwambia, ndivyo tunavyoitana, binti ya mama yangu, "inuka kazi ianze."

Jikoni hakukuwa na mitungi, kulikuwa na unga wa ugali. Nikachukua pakiti mbili, nikamshikisha moja kila mkono. Inua. Shusha. Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Wewe umerukwa na akili." Lakini aliinua. Nikamfundisha kuinuka kwenye kochi, mimi nikiwa mbele yake, na mara ya kwanza alishindwa, na ya pili akashindwa, akakasirika, na dada yangu akikasirika ndipo anapokuwa mtu. Akainuka. Alisimama pale katikati ya sebule na pakiti zake za unga, jasho puani, akaniambia, "Haiya, kumbe bado niko."

Hapo ndipo binti yake akaingia kutoka kazini.

Aliweka mkoba chini. Alimnyang'anya mama yake zile pakiti, moja, halafu nyingine, akazipeleka jikoni. Aliporudi akasema, kwa adabu yake yote ya ofisi, "Tata, tafadhali." Mimi ni tata wake, mama yake mdogo. "Mama yangu ni mgonjwa. Yeye hajakosa mtu wa kumbebea. Akianguka hapa lawama itakuwa ya nani?"

Nilimwambia maneno. Nilimwambia ya fisio na mengine ambayo fisio hakuyasema. Alijibu kwamba ana daktari wake, na kwamba alisimama mbele ya watu akaahidi. Nikageuka kumtazama dada yangu aseme neno moja tu. Alikuwa ameshaketi. Alikuwa anajifunga kitambaa chake upya, polepole.

Aliniambia baadaye kwenye simu. "Wacha tu. Mtoto anaona aibu."

"Na wewe unaona nini?"

"Mimi naona ameniweka vizuri." Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonikata maini, "Kule kanisani hakuna mwanamke amewekwa kama mimi."

Ilikuwa kweli. Nimemsikia kwa masikio yangu, baada ya ibada, akiwaambia wenzake kwamba yeye nyumbani habebi hata kikombe. Wenzake wakitikisa vichwa kwa wivu. Ni nani angewaonyesha hao pakiti ya unga na kusema hii ndiyo dawa? Tumekula shida miaka mingi, tukifika mahali pa kuringa kidogo, tunaringa. Namwelewa, na bado nikikumbuka nasikia uchungu.

Lililofuata lilitoka pia kwenye mapenzi. Binti yake aliagiza mama awe anawekwa miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi kila jioni, alegee alale vizuri. Siku moja maji yalikuwa ya moto kupita kiasi. Msichana wa kazi hakujua, na dada yangu hakusikia, nyayo zilikuwa hazisikii kitu. Alikaa pale akitazama runinga huku mguu unaungua. Malengelenge yakawa kidonda, kidonda kikakataa kupona, kikageuka rangi, na hospitali wakaukata mguu chini ya goti.

Sisemi pakiti za unga zingeokoa ule mguu. Hakuna ajuaye. Pengine sukari ingeshuka na kidonda kingefunga, pengine hapana. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ninachosema ni kile nilichokiona baadaye.

Kule hospitali naye alipewa fisio. Akamwambia kwamba sasa kila kitu kiko kwenye mikono yake. Ashike kingo za kitanda, ajiinue, ahamie kwenye kiti cha magurudumu, ahamie chooni, arudi. Dada yangu akashika kingo. Mikono ikatetemeka, na mwili haukutoka pale ulipokuwa. Mikono ile! Fisio akasema nguvu zitarudi akifanya mazoezi, na binti yake akasema asante daktari, sisi tutakuwa tunambeba.

Wakambeba. Mwanzoni wakambeba wote, jamaa, majirani, vijana wa kanisa wakampandisha zile orofa nne kwa kiti na nyimbo. Halafu watu wakarudi makwao. Msichana wa kazi akaumia kiuno akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka. Binti yake akawa na maumivu ya mgongo na bado kuna ofisi. Jumapili za kanisa zikapungua, zikaisha, kwa sababu kumshusha ni watu wanne na kumpandisha ni watu wanne. Wale waliosema mama asibebe kitu, sasa mama ndiye mzigo, na hawamwezi.

Wiki iliyopita nilienda. Mlango haukuwa umefungwa, na msichana aliyeko sasa alikuwa ameenda dukani. Nilimkuta dada yangu kwenye kochi, amelowa. Alikuwa amekaa hivyo muda, nilijua kwa harufu na kwa jinsi alivyotazama ukutani.

"Usiniangalie," akasema.

Sikumwangalia. Nilipiga magoti kidogo, mgongo wima, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwambia anishike shingo. Nikamwinua. Amekuwa mwepesi, na hilo liliniuma kuliko angekuwa mzito. Nilimvusha hadi kwenye kiti cha magurudumu, nikamwosha, nikambadilisha, nikamsukuma mpaka kwenye roshani apate jua. Alikuwa ananitazama mikono.

"Bado unafanya yale mambo yako."

"Nafanya. Pazia zimefungwa."

Chini barabarani mwanamke alikuwa anapita na mtungi mkubwa mgongoni, amevaa mukwa, mwanamke wa rika letu, anatembea kwa haraka zake. Dada yangu aliinamia vyuma vya roshani akamfuata kwa macho. "Woi, maskini," akasema. "Huyo hana watoto?"

Damu ilinipanda. "Huyo atashuka ngazi leo akitaka," nikamwambia. "Na kesho."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Hakulia. Alimtazama yule mwanamke mpaka akapotea kwenye kona, kisha akasema, akiwa hanitazami, "Unga uko palepale jikoni."

Nikamletea pakiti moja. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua kutoka mapajani mpaka karibu na kifua, mishipa ya shingo ikamtoka, akaishusha. Akaiinua tena. Mara ya tatu ikamponyoka ikaanguka mapajani, na unga kidogo ukamwagika kwenye leso. "Tena," nikasema. Alikuwa anahema, midomo imebana, na nikamwona yule msichana wa Ngoliba aliyekuwa akinitangulia njiani na maji. Akaishika tena.

Tukasikia viatu vya binti yake kwenye ngazi. Tunavijua, vinagonga. Alikuwa amerudi mapema.

Dada yangu aliniangalia. Kisha, haraka kuliko nilivyomwona akifanya kitu chochote tangu akatwe, akaisukuma ile pakiti chini ya leso yake, pale ambapo mguu ungekuwa. Na mimi, na mdomo wangu huu wote, nikainama nikamsaidia kuifunika.